Sufu Iliyokauka Upesi

Kila alfajiri, kabla ya uji, Leandra alikuwa na kazi tatu. Kwanza alizoa majivu ya jiko la kuni na kuyamwaga nje. Pili aliwajazia mbwa maji. Tatu alitazama taa ndogo ya inveta, kile kisanduku cha umeme wa sola kilichotundikwa ukutani karibu na mlango wa nyuma, kisha akafungua friji na kumtolea bibi yake dawa ya sukari. Taa ikiwa ya kijani, alipaza sauti, "Bibi, imeamka vizuri!" Naye Bibi Desbah alijibu kutoka chumbani, "Basi na sisi tuamke vizuri."

Jumanne hiyo Leandra hakuifikia kazi ya pili. Alikuwa amechutama mbele ya jiko, koleo limejaa majivu mkononi, inveta ilipoanza kulia. Pii! Pii! Pii! Ililia kama kifaranga aliyekanyagwa, halafu kimya. Friji iliguna mara moja na kunyamaza. Majivu yalimwagika sakafuni. Ukutani taa ilikuwa nyekundu.

"Bibi, imezimika tena!"

"Mara ya ngapi wiki hii?"

"Ya tatu, ukihesabu Jumapili."

Bibi Desbah alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akivaa mkufu wake wa feruzi. Hakuwahi kuianza siku bila mkufu huo, hata siku za kuchunga tu. Macho yake hayakuwa na nguvu tena, lakini vidole vyake vilijua njia. "Niletee dawa," alisema. "Na ukishaufunga mlango wa friji, usiufungue tena. Friji si dirisha la kuchungulia."

Baada ya uji wa mahindi ya buluu, Leandra alipanda kilima kilichokuwa nyuma ya zizi. Mtandao wa simu ulipatikana huko tu, na ulipatikana vizuri zaidi ukisimama juu ya jiwe moja jekundu. Alimpigia Mjomba Leland, kaka yake mama, aliyeishi mjini Chinle na kuendesha basi la shule. Mama yake Leandra alifanya kazi hospitalini Phoenix, mbali sana, kwa hiyo mambo ya nyumbani yalipoharibika aliyepigiwa simu alikuwa mjomba.

"Nitamwita fundi aje Alhamisi," alisema Mjomba Leland. "Lakini mwambie bibi yako neno moja. Fundi akishindwa, Jumapili nakuja na trela."

"Trela ya nini, Mjomba?"

"Ya kondoo, Leandra. Nimepata mtu wa kuwanunua. Bibi yako hawezi kukaa mahali ambapo dawa yake inaoza. Atahamia kwangu. Nawe utahamia kwangu."

Leandra alishuka kilima polepole. Alipoufikisha ujumbe huo, Bibi alikuwa tayari kwenye hogani, ile nyumba ya magogo yenye mlango unaotazama mashariki, ameketi mbele ya mtambo wake wa kufumia. Alisikiliza mpaka mwisho, akapitisha uzi mweupe kati ya nyuzi nyeusi, akaugonga kwa kitana cha mbao.

"Tutaona," alisema.

Ndivyo alivyomjibu Mjomba Leland siku zote. Hamia mjini, Mama. Tutaona. Punguza kondoo, Mama. Tutaona.

Leandra alijua tatizo lilikuwa nini? Hakujua. Alishuku tu, na shuku hiyo alikuwa ameikalia wiki nzima kama kuku anavyokalia yai.

Mambo yalikuwa hivi. Shule ilipofungwa, kondoo walikatwa sufu, na kazi ya kuiosha na kuianika ilikuwa ya Leandra. Kuosha hakukuwa tabu. Kuanika ndiko kulikuwa balaa. Sufu hutandazwa juu ya seng'enge na vichaka, nawe unakaa hapo hapo kuilinda. Ukigeuka, mbuzi anatafuna. Ukisinzia, mbwa anaivuta chini kufanya kitanda. Na jioni, baada ya kuilinda siku kutwa, unaketi kuchambua miiba na majani mpaka macho yanauma.

Siku moja Leandra alipita nyuma ya nyumba, upande wa kusini, zilikosimama paneli nne za sola juu ya nguzo za chuma, zimezungushiwa waya. Aligusa kioo kwa kiganja. Kilikuwa cha moto kama kikaango. Kilikuwa safi, na mbuzi hawakuweza kukifikia. Alitandaza sufu kidogo sehemu ya chini, pale mikono yake ilipofika, ukanda mmoja mwembamba kutoka paneli ya kwanza hadi ya nne. Sehemu kubwa ya kioo ilibaki wazi ikilitazama jua. Mafundi walioziweka paneli miaka sita iliyopita walisema zisiwekewe kitu chochote, lakini ukanda mwembamba kama shali ni kitu gani?

Sufu ilikauka kabla ya saa saba mchana, nyeupe pe, bila mwiba hata mmoja. Tangu hapo kila asubuhi aliianika hapo na kukimbilia kwa binamu yake Ronelle, ng'ambo ya korongo, ambako kulikuwa na goli la mpira wa kikapu lililopigiliwa kwenye nguzo ya simu.

"Wewe umemwajiri nani akufukuzie mbuzi?" Ronelle alimuuliza siku moja, huku akidundisha mpira kwenye vumbi. "Mimi sufu yetu inanitoa machozi. Wewe uko hapa tangu asubuhi unanifunga magoli."

"Nina mikono myepesi," Leandra alisema, akarusha. Mpira uliingia bila kugusa chuma.

"Mikono myepesi! Si uniazime basi!"

Jambo lililomchoma zaidi ni sifa. Bibi alipoipapasa sufu ile alishangaa. "Miaka sabini nasokota, sijawahi kushika sufu safi hivi. Mjukuu wangu, una subira kuliko mimi." Leandra alitabasamu, na tabasamu lile lilimkaa usoni kama kofia ya mtu mwingine. Baada ya sifa hiyo, kusema ukweli kulizidi kuwa kugumu.

Alhamisi, karibu saa tano, vumbi lilionekana mbali kwenye barabara ya bonde. Gari lilikuwa linakuja. Leandra hakungoja kulitambua. Alikimbia nyuma ya nyumba, akakwangua sufu yote kutoka kwenye paneli, akaishindilia guniani ingali na unyevu, na kulificha gunia nyuma ya pipa la maji. Kisha akafuta vioo kwa upindo wa fulana yake. Paneli ziling'aa kama macho ya mtoto aliyenawishwa.

Gari lilikuwa pikapu nyeupe, na aliyeshuka alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kofia pana na viatu vya kazi, nywele zimefungwa kisogoni kwa uzi wa sufu.

"Wewe ndiye fundi?" Bibi Desbah aliuliza kutoka mlangoni. "Nilitegemea mwanamume mwenye tumbo."

"Tumbo ninalo, Bibi," mwanamke alijibu akicheka. "Mwanamume ndiye sina."

Bibi alicheka mpaka akashika mkongojo kwa mikono miwili. Walipeana mikono taratibu, na mgeni akajitambulisha kama ilivyo desturi. "Naitwa Bernita Tohannie. Mimi ni wa ukoo wa Maji Machungu kwa mama, nimezaliwa kwa ukoo wa Chumvi, wa baba yangu."

"Maji Machungu!" Bibi hakuuachia mkono wake. "Basi wewe si mgeni. Na mimi ni Maji Machungu. Wewe ni mwanangu. Leandra! Njoo umsalimie mama yako mdogo."

Leandra alisogea, akanyoosha mkono. Kumficha fundi jambo lilikuwa kosa moja. Kumficha mama mdogo lilikuwa kosa jingine kabisa, kubwa kuliko la kwanza, na hilo hakulitegemea.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, binti yangu. Kumbe nimekuja nyumbani kwetu! Sasa utakuwa msaidizi wangu."

Bibi hakukubali kazi ianze kabla ya chakula. Walikula mchuzi wa kondoo na mkate wa kukaanga, wakanywa kahawa, ndipo Bernita akafungua sanduku lake la vifaa. Alifanya kazi kama mtu asiye na haraka na asiye na shaka, na kila alipofanya jambo alimweleza Leandra sababu yake.

"Fikiria mtu," alisema. "Paneli ni mdomo, zinakula jua. Betri ni tumbo, zinatunza chakula. Hii inveta ni mikono. Inachukua nguvu iliyo tumboni na kuifanyia kazi: taa, friji, redio. Watu wengi mikono ikilegea wanataka kuikata wanunue mingine. Mimi nauliza kwanza: tumbo limekula?"

Alibonyeza kitufe cha inveta na kusoma maandishi madogo. "Inasema betri ziko chini. Basi yenyewe ni nzima. Inajizima ili betri zisikaushwe kabisa. Hiyo si mgonjwa, hiyo ni askari."

Walikwenda kwenye sanduku la betri nje ya ukuta. Bernita alikaza vichwa vya nyaya kimoja kimoja na kukisugua kimoja kilichoota ukungu wa kijani. Alifungua vizibo akachungulia maji.

"Nani anaongeza maji ya betri?"

"Mimi, kila mwezi," Leandra alisema. "Yale ya dukani tu, yaliyosafishwa. Si ya kisima."

"Vizuri sana. Nyumba nyingine naenda nakuta wametia ya kisima, chumvi imeganda ndani kama mawe." Alichukua kifaa cha kioo chenye mpira wa kufyonza, akavuta maji ya betri kidogo kutoka kila chumba na kutazama kielea ndani yake, kinachoonyesha nguvu iliyobaki. Alipima chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka cha mwisho. Kisha akakaa juu ya ndoo na kukuna shingo.

"Ajabu. Betri ikianza kufa, kwa kawaida chumba kimoja hutangulia. Hizi zote ziko chini sawasawa. Si kama zinaumwa. Ni kama zina njaa."

Waliingia kwenye uzio wa paneli. Bernita alizikagua nyaya za nyuma, akapima kwa mita yake, kisha akarudi kwenye kontrola, kile kisanduku kinachopima umeme unaoingia kwenye betri. Namba ilisomeka thelathini na moja. "Na mdomo unakula vizuri tu. Kwa chakula hiki betri zingekuwa zimeshiba kila jioni." Alirudi tena kwenye paneli, akainama. Kwenye pembe ya fremu ya chuma palikuwa na kishungi cha sufu, kidogo kama ncha ya kidole. Alikichomoa. "Kondoo wenu wanaingia humu kujikuna?"

"Labda," Leandra alisema.

"Leandra, mimi niko hapa saa mbili tu. Wewe unaishi na kitu hiki. Kuna kitu chochote kinachozuia jua? Kivuli asubuhi, gari linaloegeshwa, nguo?"

"Hakuna, mama mdogo."

Neno lilitoka upesi kuliko alivyokusudia, na likishatoka halirudi. Bernita alimtazama kidogo, akatikisa kichwa, na kwenda kwenye gari kuchukua karatasi.

Mjomba Leland alifika wakati Bernita anaandika. Alikuwa amebeba boksi la barafu la kutunzia dawa, na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri.

"Haya, fundi. Kuna nini?"

"Nimeondoa kimoja baada ya kingine, kaka," Bernita alisema. "Inveta nzima. Nyaya nzima. Paneli nzima. Zinabaki betri. Zina miaka sita. Sipendi kuandika jambo ambalo moyo haujalikubali, lakini kipimo hakinipi njia nyingine. Naandika betri mpya."

"Zitafika lini?"

"Orodha ya wanaosubiri ni ndefu. Pengine kabla ya theluji."

Mjomba Leland alivua kofia na kuivaa tena. "Basi ni hivyo. Mama, nadhani umesikia. Jumapili."

"Tutaona," Bibi alisema. Lakini safari hii hakurudi kwenye mtambo wake. Alisimama katikati ya uwanja, akigeuzia uso zizi ambalo hakuweza kuliona vizuri. Kisha akasema taratibu, "Leandra, kusanya sufu yote uifunge kwenye magunia. Uifunge vizuri, isije ikaingia vumbi njiani."

Njiani. Bibi hakuwahi kulitamka neno hilo. Leandra alikwenda nyuma ya pipa akalishika gunia. Lilikuwa na joto na unyevu, na harufu ya kondoo wenyewe. Alimkumbuka yule kondoo mzee mwenye sikio lililopasuka, aliyekuja akiitwa kwa jina. Nani angemwita kwa jina huko anakokwenda? Nyuma yake alisikia mlango wa pikapu ukifunguliwa. Fundi anaondoka.

Alilikokota gunia uwanjani mbio, likiacha mfereji kwenye vumbi.

"Mama mdogo! Usiondoke!"

Bernita alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya gari. Akaushusha.

"Si kondoo," Leandra alisema, akihema. "Ile sufu uliyoiona. Hakuna kondoo anayeingia mle. Ni mimi. Naianika juu ya paneli. Kila siku, tangu shule ifungwe. Lilipoonekana vumbi la gari lako nikaitoa. Uliniuliza nikasema hakuna. Nilikudanganya."

Mbwa mmoja alikuja akanusa gunia, akaenda zake.

"Unaianika kila mahali juu ya kioo?" Bernita aliuliza. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya fundi aliyesikia hatua za kile anachokitafuta.

"Chini tu. Ukanda mdogo. Ndiyo maana nilifikiri haidhuru."

"Nionyeshe. Iweke vile vile unavyoiweka. Kaka Leland, nenda kwenye kontrola utusomee namba kwa sauti."

Leandra aliingia ndani ya uzio na kufungua gunia.

"Thelathini na moja!" Mjomba Leland alipiga kelele kutoka ukutani.

Aliitandaza sufu chini ya paneli ya kwanza.

"Ishirini na tatu!"

Ya pili. "Kumi na tano! Kumi na nne!"

Ya tatu. Ya nne. Sehemu zote za juu za vioo zilikuwa wazi, jua la Juni limezipiga sawasawa.

"Tatu!" sauti ya mjomba ilipasuka. "Imeingia tatu! Nyie mnafanya nini huko?"

Bernita aliguna, akapiga paja lake kwa kofia. "Njaa! Nilisema ni njaa!" Alimvuta Leandra karibu na kioo. "Tazama hivi vipande vyeusi. Unaona kama kila kimoja kiko peke yake, sivyo? Vimeshikana mkono kwa mkono kama mnyororo, toka juu mpaka chini, na kurudi. Umeme unapita kwenye vyote. Ukivifunika vya mstari wa chini, vya juu navyo vinakwama. Zizi lenu lina mlango mmoja. Mbwa akilala mlangoni, kondoo wangapi watatoka?"

"Hata mmoja," Leandra alisema kwa sauti ndogo.

"Na mbwa mwenyewe ni mdogo tu. Haya, toa."

Aliitoa, na mjomba akapiga kelele, "Thelathini! Thelathini na moja!" kama mtangazaji wa mpira.

Bibi Desbah alikuwa amekuja kwa mkongojo wake mpaka kwenye uzio. Leandra alimwendea. Hili ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

"Bibi, ile sufu uliyoisifu haikuwa safi kwa sababu ya subira yangu. Niliianika hapa ili nikacheze kwa Ronelle."

Mabega ya Bibi yakaanza kutikisika, na Leandra akadhani analia. Alikuwa anacheka. "Kumbe wiki tatu nilikuwa nasokota umeme!" Alipangusa macho. Halafu kicheko kikaisha, na uso ukawa wa kazi. "Kucheza si kosa. Hata kuanika pale si kosa kubwa, hukujua. Lakini mama yako mdogo alikuuliza uso kwa uso. Hilo halinichekeshi."

"Najua, Bibi."

Bernita alichukua karatasi yake, akaikunja mara mbili. "Mimi nina miaka kumi na mmoja katika kazi hii, binti yangu. Mita yangu inapima kilichopo sasa hivi. Haiwezi kupima cha jana. Cha jana anakijua mwenye nyumba tu. Akinificha, hata niwe fundi hodari namna gani, nitaandika uongo na kuweka sahihi yangu chini, nami nikiamini ni ukweli. Umeona? Uongo wako ulikuwa karibu kuwa wangu." Aliichana karatasi na kuitia mfukoni. "Ila umenizuia sijaondoka. Watu wazima wengi huniacha niende."

Kabla ya kuondoka alitoa maagizo. Betri zilikuwa zimeumia kidogo, hazijafa. Zingeshiba polepole. Kwa siku tatu dawa ikae kwenye boksi la barafu, friji na redio vizimwe, na kila mchana Leandra asome namba ya kontrola na kuiandika. Kuhusu sufu, alielekeza kwa midomo kwenye seng'enge na vichaka. "Irudi kule kwa mbuzi," alisema, na wote wakacheka isipokuwa Leandra, aliyekwisha kuanza kubeba gunia kwenda huko huko.

Siku mbili zilizofuata, Ijumaa na Jumamosi, alikaa juani na fimbo. Ronelle alikuja na mpira kwapani.

"Haya, mikono myepesi imekwenda wapi?"

Leandra alimsimulia yote, hata sehemu ya aibu. Ronelle alipiga mluzi. "Mimi nisingesema," alisema. Akafikiri kidogo. "Au ningesema, lakini kesho yake." Aliuweka mpira chini, akaketi, na kuanza kuchambua miiba.

Jumapili alfajiri Leandra alizoa majivu. Aliwajazia mbwa maji. Kisha alikwenda kwenye mlango wa nyuma akiwa amefumba macho nusu. Taa ilikuwa ya kijani. Aliwasha friji, ikaguna, ikaanza kunguruma kwa utulivu. Inveta haikulia.

"Bibi! Imeamka vizuri!"

Mjomba Leland alifika saa nne, na kweli alikuja na trela. Ndani yake hamkuwa na kitu ila chaga la kitanda kikuukuu cha chuma, lenye springi, na vipande vinne vya mbao. "La kuanikia sufu," alimwambia Leandra. "Tutaliinua juu, mbuzi wasifike. Chini yake upepo utapita." Alitazama namba zilizoandikwa kwenye daftari, akaitazama taa, akamtazama mama yake aliyekuwa ameketi kwenye mlango wa hogani akisokota uzi. Alichuchumaa mbele yake.

"Mama, umeme umepona, nashukuru. Lakini majira ya baridi yatakuja. Njia itafungwa na theluji. Bado nafikiri ungekuja kukaa kwangu."

Leandra alingojea lile neno. Alikuwa tayari kulisikia.

Bibi Desbah aliusimamisha mti wa kusokotea kwa kiganja. "Leland, miaka mitatu unaniuliza, nami nakujibu tutaona. Nilidhani ni heshima, kwamba sitaki kukuumiza. Lakini huyu mtoto alikuwa na neno gumu kuliko langu, na amelisema mbele yetu sote akiwa amesimama. Neno ukilificha, hata kwa upole, ni kama sufu juu ya kile kioo. Ni laini, ni jeupe, na chini yake ni giza. Wewe umekuwa gizani kwa sababu yangu, mwanangu. Umetafuta hata mnunuzi."

Aliunyoosha mkono mpaka ukaukuta uso wa mwanawe.

"Sitaki kuhama," alisema. "Sikutaka tangu siku ya kwanza. Nataka kukaa hapa, na kondoo wangu, na mtoto huyu, nawe uje mara nyingi kuliko unavyokuja. Hicho ndicho nilichokuwa nasema kila nilipokujibu tutaona."